Muache Sheng, hiyo "easy to do it" imetoka kwa Kiswahili sanifu

Mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika hapa majuzi akilia kwamba vijana wa Nairobi wameshindwa na Kiingereza sababu ya Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, na mfano aliotoa ni barua ya kuomba kazi iliyokuwa na maneno "this work is easy to do it", akasema hiyo "it" ya mwisho ndiyo ushahidi vile Sheng imeharibu vichwa vya watoto. Nilisoma nikacheka halafu nikakasirika kidogo, manake mimi niko na saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kayole na kazi yangu kutoka nifungue mlango asubuhi ni kuchapa na kurekebisha hizo barua hizo, kwa hivyo hilo kosa nalijua kama jirani. Nataka kumwambia kwa heshima kwamba mfano wake ni mzuri sana ila amemshika asiye mwizi. Hiyo "it" haikutoka kwa Sheng. Imetoka kwa Kiswahili sanifu, kile cha kitabu, kile tunapewa maksi nacho.

Angalia vile tunafundishwa. Kazi hii ni rahisi kuifanya. Kitabu hiki ni rahisi kukisoma. Watoto hawa ni vigumu kuwafundisha. Kile kinachofanywa kimetajwa mwanzo wa sentensi, sawa, lakini tunakirudia tena ndani ya kitenzi, -i- ya kazi, -ki- ya kitabu, -wa- ya watoto, na najua hata kwa sanifu kuna wakati unaweza kuiacha lakini mwalimu wa Kiswahili akiona umeiweka anafurahi. Sasa mtoto aliyeshika hiyo kitu vizuri akienda kwa Kiingereza anafanya hesabu ileile, anatafuta mahali pa kuweka -ki- yake, na Kiingereza hakina nafasi ndani ya kitenzi kwa hivyo anaiweka nyuma: "this book is easy to read it", "these children are difficult to teach them". Si uvivu huo. Ni mtu anayetaka sentensi yake isipungukiwe na kitu.

Shida ni kwamba Kiingereza hapo kinataka ipungukiwe. "This book is easy to read", basi, funga mdomo. Kitabu kishatajwa mbele na nyuma ya "read" unaacha shimo, na hilo shimo ndilo linaonyesha kinachosomwa ni nini. Ukitaka sana kuweka kitabu nyuma ya "read" unaruhusiwa, lakini itabidi mbele ukae na ile "it" ambayo haimaanishi chochote, imewekwa tu kushikilia nafasi: "It is easy to read this book." Uchague moja. Huwezi kuwa na kitabu mbele na kitabu nyuma.

Halafu sasa msikilize mtoto wa mtaa wa Umoja ama Dandora akiongea na wenzake. "Hii kitabu ni ngumu kusoma." "Hiyo kazi ni rahisi kufanya." "Huyo mwalimu ni ngumu kuelewa." Iko wapi -ki-? Iko wapi -m-? Hakuna. Ameacha shimo palepale Kiingereza kinaliacha, na ukimwambia aandike kwa Kiingereza atakuandikia "this book is hard to read" bila hata kufikiria. Wengine watasema hiyo si Sheng, ni Kiswahili kibovu cha Nairobi, sawa, iite unavyotaka, ninachosema ni kwamba kwa hili moja imemsaidia. Wanaoniletea "easy to do it" kwa saiba mara nyingi ni wale Kiswahili chao kimenyooka, wale wanaongea ukasikia ngeli zote zimekaa mahali pake. Sijafanya utafiti, mimi si profesa, naongea vile naona kwa skrini.

Na sisemi Sheng ifundishwe darasani, mtu asiniandikie wiki ijayo kwamba nimesema hivyo.

Lakini hilo la "it" ndilo dogo, na huyo ndugu alipaswa kujua kwamba sentensi za aina hii, sifa halafu "to" halafu kitenzi, ndizo zimejaa barua ya kuomba kazi kuliko kitu kingine. Willing to learn, ready to start, able to work under pressure, eager to join, happy to relocate, kila mtu anaandika hizo. Na kwa macho zote zinafanana, ni mtu, "am" ama "is", sifa, "to", kitenzi. Kumbe ndani hazifanani hata kidogo. Mtaalamu wa lugha Mmarekani anaitwa Noam Chomsky alizipa umaarufu sentensi mbili miaka ya 1960, "John is eager to please" na "John is easy to please". Neno moja tu limebadilika. Ya kwanza John ndiye anataka kufurahisha watu, ya pili watu ndio wanamfurahisha John na hawasumbuki. Kiswahili hakikuwezi na huo mchezo, manake utasema John ana hamu ya kufurahisha watu, ama John ni rahisi kumfurahisha, na hiyo -m- inakuonyesha saa hiyohiyo nani anafanyiwa. Kiingereza kimeficha kila kitu ndani ya hiyo sifa, kwa hivyo usipojua sifa ni ya ukoo gani utajitukana mwenyewe kwa barua yako.

Na watu wanajitukana. Kijana mmoja aliniletea barua kwa simu nimchapie, anaomba kazi ya weita kwa hoteli huko Westlands, barua safi kabisa mpaka mahali ameandika "I am a hard person to work with and I am easy to work." Nikamwuliza, kijana wangu, unataka wakuite ama wakukimbie? Akashangaa. "Mum, si hapo nimesema mimi ni mtu wa bidii?" Nikamwambia hapana, umesema kufanya kazi na wewe ni mateso. Alikuwa amechukua "hard" ya "hardworking" akaiweka mbele ya "to work with" aliyoiona kwa barua ya rafiki yake, na hakujua kwamba "hard" ikifuatwa na "to" hivyo inahama, haiongei tena juu ya bidii yako, inaongea juu ya wenye watakaa na wewe jikoni. Tukaandika "I work hard and I am easy to work with." Akaisoma, akaisoma tena, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kusikia mwalimu akilijibu: "Sasa mum, hiyo 'with' inaning'inia hapo mwisho imeshika nani?"

Imeshika yeye mwenyewe, yule "I" wa mwanzo. Ni lile shimo tena, lakini safari hii liko nyuma ya "with". Na hapa Kiswahili kinatuponza mara mbili. Kwanza sisi hicho kibandiko kidogo, yaani kazi ya maneno kama "with" na "on", tunakiweka ndani ya kitenzi: kalamu ya kuandikia, kiti cha kukalia, sufuria ya kupikia, hiyo -ia imemaliza kazi yote, kwa hivyo mtu akifika kwa Kiingereza anaandika "a good pen to write" na "a chair comfortable to sit" na anaona ametosheka. Wazungu wanataka "to write with", "to sit on". Pili tukisema mtu rahisi kuongea naye, hiyo naye imeshika mtu, kwa hivyo mwingine anaandika "a person easy to talk to him". Mmoja ameondoa kibandiko, mwingine amekiongezea mzigo, na wote wawili wametoka kwa Kiswahili kizuri tu.

Halafu kuna wale waliofundishwa na mwalimu wa zamani kwamba sentensi ya Kiingereza haifai kuishia na maneno kama "with" na "on". Hiyo imani iko tangu enzi za John Dryden, mshairi wa Uingereza, aliyelalamika juu ya hayo mambo mwaka 1672, na Waingereza wenyewe hawajawahi kumsikiliza wakiongea. Huku kwetu imefanya watu kukata "with" kwa "easy to work with" wakidhani wanasafisha lugha.

Sasa kuna ukoo mwingine ambao unachanganya hata watu wa ofisini. "She is sure to win." Nani ana uhakika hapo? Wengi wanasema ni huyo dada. Sio yeye, ni mimi ninayeongea, yeye anaweza kuwa analia kwa choo hajui kama atashinda. Akiwa ni yeye mwenye uhakika utasema "she is sure of winning" ama "she is sure that she will win". "Likely" na "certain" na "bound" zinaenda hivyohivyo, "the matatu is likely to be late", matatu haijapanga chochote, ni sisi tunakisia. Na "possible" nayo ina kiburi chake, haikubali mtu kuwa mbele. Naona sana "I am possible to come on Monday", inatoka kwa naweza kuja Jumatatu, na Kiingereza kinataka "it is possible for me to come". Lakini ndugu yake "impossible" anakubali, "he is impossible to please" ni Kiingereza safi. Usiniulize haki iko wapi hapo.

Kuna pia hii ya "of" na "for" ambayo iko kwa aya ya mwisho ya barua, ile ya kubembeleza: "It will be very kind for you to consider me." Wema ni wako wewe meneja, si wa kitendo, ndiposa inakuwa "kind of you". Ile ya "for" ni ya mambo kama "it is hard for you", ugumu uko kwa kazi, wewe umeupata tu. Njia rahisi ya kujua, jaribu kumweka mtu mbele na maana ibaki ileile. "You were kind to come", inakubali, kwa hivyo ni "of". "You were hard to come", inakataa, kwa hivyo ni "for". Kwa Kiswahili zote ni kwako tu ndio maana hatuhisi tofauti.

Capable, confident na interested nitazipita haraka. "Capable" inataka "of" na "-ing" hata kama maana ni ileile ya "able to". "Confident" inataka "that". "Interested to" iko sawa ukiwa umesikia habari ukataka kujua zaidi, lakini kazi unayoitaka ni "interested in". Na tafadhali sana si "interesting", hiyo unasema wewe ndiwe kivutio.

Ngoja nirudi kwa shimo kidogo manake ndipo mitihani inawanasa. Wote mmefanya yale maswali ya kuandika upya sentensi. Unapewa "The box was so heavy that Juma could not lift it", unaambiwa uanze na "The box was too heavy" na maana isibadilike. Kwa sentensi ya kwanza "it" ni lazima, ukiiondoa umekosa. Kwa ya pili, "too heavy for Juma to lift", mwalimu anataka iondoke, ukiiacha unakatwa maksi. Mtoto anaona ni kiini macho, mbona sanduku ni lilelile na Juma ni yuleyule? Hakuna mtu amemweleza kwamba baada ya "so ... that" kuna sentensi nzima inayojitegemea, iko na mtendaji wake na inahitaji mtendwa wake, lakini baada ya "too" kuna kitenzi kisicho na nafsi ambacho kinamtegemea yule wa mwanzo. Anaambiwa tu, cram.

Na si ati Kiswahili hakina njia ya kusema hayo mambo kwa ufupi. Chai hainyweki. Barabara haipitiki. Mzigo haubebeki. Huyo mtu haambiliki! Hapo Mwingereza lazima atafute sifa, aweke "to", aweke kitenzi, aache shimo, "the tea is too hot to drink", "the road is impossible to pass", na sisi tumemaliza na -ek- ama -ik- moja. Mimi nikiwa na mteja ananielewa polepole huwa naanzia hapo. Namwambia, ukiona kwa Kiswahili ungesema hainyweki, hainunuliki, haisomeki, jua kwa Kiingereza "it" ya nyuma haitakikani. Wanashika haraka sana. Hainyweki, hakuna mahali pa kuweka -i- nyingine ya chai hapo nyuma, si ndio? Basi hata "to drink" haina.

Tena kuna mahali Kiswahili kinatuokoa kabisa. "The chicken is ready to eat." Mwingereza mwenyewe akiona hiyo peke yake hajui kama kuku anangoja pumba ama sisi tunangoja kuku. Sisi tuna tayari kula na tayari kuliwa, hakuna kesi.

Na hata hao wenyewe hawazaliwi wakijua. Mwaka 1969 Carol Chomsky, mkewe yule Noam, alitoa utafiti aliofanya na watoto 40 wa Marekani wa miaka 5 hadi 10. Aliwawekea mwanasesere mezani amefungwa macho kwa kitambaa halafu akawauliza, huyu mwanasesere ni "easy to see" ama "hard to see"? Wadogo wengi wakasema "hard to see", manake amefungwa macho na wakadhani swali ni kama yeye anaona. Akawaambia basi mfanyeni awe "easy to see", wakamfungua kitambaa. Hao ni watoto Kiingereza ndicho lugha ya mama zao, na kuna waliokuwa bado wanakosea wakiwa darasani tayari, ni walipofika miaka 9 hivi ndio walikuwa wanapata. Sasa wa kwetu aliyekutana na Kiingereza shuleni, lugha yake ya pili ama ya tatu, akikosea tunaandika barua kwa gazeti kwamba kizazi kimepotea.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe kusema sentensi moja ya Kiswahili darasani. Moja tu. Aandike ubaoni kitabu hiki ni rahisi kukisoma, apige mstari chini ya -ki-, aandike chini yake "this book is easy to read", aseme unaona hii -ki-, Kiingereza hakina. Ni kazi ya dakika chache. Lakini shule nyingi mwalimu akifanya hivyo anaogopa mwalimu mkuu akipita dirishani, na bado kuna mahali mtoto akipatikana akiongea Kiswahili siku ya Kiingereza anavalishwa diski, ile alama ya kumwaibisha, ama anaandikwa jina, na hiyo ni nchi ambayo katiba yake ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nimeongea na walimu wanaokuja kuchapisha mitihani kwangu, wanakubali, wanasema mum ni ukweli lakini sisi tunafuata vile tumeambiwa. Na mwalimu wa Kiswahili naye yuko darasa la jirani hapo, hawaongei kuhusu hayo mambo, kila mtu na silabasi yake. Wangekaa pamoja staffroom wakati wa chai wakalinganisha makosa, wangegundua wanasahihisha kitu kimoja kutoka pande mbili.

Kwa huyo msomaji, kama anaona nabahatisha, ajaribu hivi. Atafute watoto wa mtaa wake, mmoja wa Sheng kabisa na mwingine wa Kiswahili cha kunyooka, awape watafsiri sentensi moja tu, hili swali ni gumu kulijibu, halafu aangalie nani ataandika "to answer it". Akileta hayo majibu hapa saiba nitamchapia barua yake ya kunijibu bure, hata kama ni ya kunitukana.

Mama Saiba,
Kayole, Nairobi